Meza ya Biliadi ya Mzee

Wazo la kutengeneza ile meza halikuwa langu, na hilo nataka lijulikane kabla sijasema lolote. Lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alilitoa jikoni kwake Germantown, huku Amerika, Jumapili moja tulipotoka kanisani, huku anakatakata kuku, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Baba yetu alikuwa amepata viza. Angefika mwezi wa nane, akae nasi wiki sita, na shemeji alitaka akute chumba cha chini cha nyumba ile kina meza ya biliadi kama ile ya klabuni.

Nilimwambia ana wazimu. Baba yangu alifukuzwa kazi kwa sababu ya meza ile.

Klabu yenyewe ilikuwa huko kwetu Bonde la Ufa, kwenye baridi, mahali ambapo wazungu waliobaki baada ya uhuru walikuwa wakikutana kunywa na kulalamika. Kwenye baa kulikuwa na meza ya biliadi ya Kiingereza, ndogo kuliko hizi za Amerika zenye mifuko pembeni. Unaicheza ukiwa umesimama upande mmoja tu, kwa hiyo inasukumwa hadi ukutani. Matundu yake yako katikati ya kitambaa cha kijani, na mbele ya baadhi ya matundu vinasimama vigingi vya mbao vyenye umbo la uyoga. Ukiangusha kile cheusi, alama zako zote zinafutika. Unatia sarafu, saa inaanza kuhesabu ndani ya sanduku, na kila mpira unaotumbukia unakurudia kupitia mdomo ulio mbele ya meza. Baada ya kama robo saa, komeo la chuma linashuka humo ndani. Mipira hairudi tena, unamalizia iliyobaki juu, na mchezo wako umekwisha.

Baba ndiye aliyekuwa mtunzaji wa meza hiyo. Alikuwa akipiga brashi kitambaa, akiandika alama za wazungu ubaoni, na ufunguo wa sanduku, uliokuwa mmoja tu, ulining'inia kwenye mshipi wake. Kucheza alikatazwa, kama wafanyakazi wote.

Asubuhi moja meneja aliikuta mashine imekufa. Wakaifungua kwa ufunguo wa Baba. Ndani kulikuwa na kipande cha waya na meno ya gurudumu yamevunjika. Mtu alikuwa amelizuia komeo lisishuke ili acheze bila kulipa. Sanduku halifunguki bila ufunguo, na ufunguo ulikuwa na mtu mmoja, kwa hiyo hesabu ikafungwa hapo. Ilisemwa kwamba alilewa na wenzake, akawafungulia. Kufikia Ijumaa tulikuwa tumetoka kwenye nyumba ya wafanyakazi, kitanda na stovu ya mafuta ya taa juu ya mkokoteni, tukaenda kwa nyanya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Badala ya kwenda sekondari nikapelekwa kwa fundi seremala mjini, nikafunzwa kushika randa. Wenye majumba ya Annandale wanaosifu makabati yangu ya jikoni wana waya ule wa kushukuru.

Na mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilimwona Baba amelewa kwa macho yangu. Nilimwona akiimba njiani, nilimwona amelala mlangoni kwa nyanya na kiatu kimoja. Alikunywa miaka saba kabla ya kuokoka. Mlevi ameharibu mashine ya watu, sasa uulize nini tena? Nilipokuwa mtu mzima nilimheshimu kwa mdomo. Nilimpigia simu sikukuu, nikampelekea sweta na dawa za presha, lakini ushauri wake sikuutaka hata wa kuchagua jembe. Moyoni nilimwona mtu aliyetuuza sote kwa chupa. Sasa alikuwa anakuja kukaa wiki sita, na sikujua nitakaa naye vipi.

Shemeji naye alikuwa kijana wa baa katika klabu hiyohiyo, na kazi hiyo alitafutiwa na Baba. Yeye alibaki. Alimwoa dada yangu mwaka uleule. Miaka ilivyokwenda, mzungu mmoja mwanachama akamsaidia kuja huku kusomea kazi ya hoteli, akamleta dada, ambaye leo ni nesi, kisha akaniandikia mimi barua ya mwaliko. Kila nilicho nacho Amerika kimepita mkononi mwake. Nimesimama kanisani kutoa ushuhuda zaidi ya mara moja, nikamshukuru Mungu kwanza na shemeji pili. Kwa hiyo aliposhikilia wazo lake nilimsikiliza.

"Mzee ata-play mwenyewe, shem," aliniambia. "Hakuna mzungu wa kumkataza hii time."

Maneno hayo yaliniingia. Nikakubali.

Kila Jumamosi nilitoka Falls Church na vifaa vyangu nyuma ya gari, nikapambana na foleni za barabara kuu ya Beltway, nikapanda hadi Germantown, tukafanya kazi gerejini kwake mlango ukiwa wazi. Mchoro hatukuwa nao. Tulikuwa na picha moja niliyoichapisha kutoka kwenye mtandao, ya meza kama hiyo iliyokuwa ikiuzwa Uingereza, picha iliyopigwa kwa mbele tu. Vingine vyote vilitoka kichwani, na kichwa hakina futi wala inchi. Tuliipima meza kwa mwili wa Baba. Shemeji alisema ukingo wake ulifika kwenye mshipi wa Mzee. Tukamwita dada kutoka jikoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyerithi urefu wa Baba, tukamsimamisha katikati ya gereji na kumwambia asimame kama Mzee anavyoandika alama ubaoni. Alisimama hivyohivyo, mkono mmoja kiunoni, akicheka. Nikapiga alama ya penseli kwenye ubao ulioegemezwa kando yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekata miguu ya meza kwa kumbukumbu yangu mwenyewe, ikatoka mirefu kama ya meza ya karani wa mahakama. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeikumbuka meza kwa macho ya mtoto aliyekuwa akiweka kidevu chake juu ya ukingo. Nikaipunguza kwa aibu. Miguu hiyo ilikuwa ya mahogani, nimeiokota kutoka kwenye kabati la zamani ambalo mteja wa Annandale alikuwa analitupa, na mahogani ya namna hiyo hukatwa kwa uchungu.

Nakiri kwamba zile Jumamosi zilikuwa tamu. Tulibishana juu ya tundu lipi lilikuwa wapi, tukapaka gundi, tukapiga msasa, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya vumbi. Mpwa wangu, kitinda mimba wao, alikuwa akipita kwenda kwa marafiki zake, nikimsalimia kwa Kiswahili naye akinijibu kwa Kiingereza bila kusimama. Nilianza kuwaza kwamba pengine Baba akiicheza meza hii nitaweza kumtazama usoni na kumsamehe. Ndiyo, kumsamehe. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo kichwani wakati huo.

Tatizo lilikuwa mashine ya ndani. Picha haikuonyesha kitu. Nilimwuliza shemeji komeo lilikuwa limekaaje, akasema hajui, hajawahi kuona ndani, Mzee pekee ndiye aliyekuwa akifungua. Alisema hivyo mara mbili au tatu, Jumamosi tofauti. Basi nikabuni yangu. Nikachukua saa ya springi ya kupikia, nikaifunga na komeo la shaba, nikapanga lishuke ndani ya mfereji wa mipira muda ukiisha. Nikafunika kwa ubao, nikakaza skrubu kumi na mbili.

Siku ya kuijaribu tulicheza kama watoto. Shemeji alikuwa anafunga vizuri kuliko mtu aliyekatazwa kucheza, lakini hilo nalo nililiona na nisilione. Halafu komeo likashuka mapema mno, hata dakika tano hazijaisha. Nikaguna, nikaenda kuchukua bisibisi.

"Usi-open hiyo box," akasema. "Wait kidogo."

Ukutani kulikuwa na baiskeli ya zamani ya mpwa wangu. Akachomoa spoku moja iliyolegea, akaikunja ncha kwa koleo, akapiga goti mbele ya meza. Akaipitisha spoku kupitia mdomo wa mipira, mkono ukaingia hadi kiwiko, uso wake ukiwa umeelekea barabarani. Hakuwa anaangalia. Alipapasa kidogo, akazungusha kifundo cha mkono kuelekea kushoto, nikasikia komeo linapanda. Mipira yote ikateremka ikaja mbele.

Akacheka, akiwa bado na mkono mle ndani. Kisha akaniona.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sikuhitaji kuambiwa. Tangu nikiwa na miaka kumi na miwili kesi yote ilisimama juu ya ufunguo, kwamba hakuna anayeweza kulifikia komeo bila ufunguo. Na hapa kuna mtu amelifikia kwa spoku ya baiskeli, bila kufungua kitu, kwa mkono uliojua njia.

"Nani alikufundisha hivyo?" nikamwuliza.

Gari la jirani lilirudi nyuma, likaondoka. Halafu akasema, bado akiwa ameegemea goti lake, kwamba walikuwa wanacheza tu, yeye na mpishi, usiku baa ikishafungwa. Walifanya hivyo kwa miezi. Siku moja spoku ikavunjikia ndani.

"Nilikuwa niende kwa manager, shem. I swear, nilikuwa niende. Halafu dada yako akaniambia ana mimba."

Hapo dada akatokea na sinia ya chai. Aliiona spoku, akamwona mumewe amepiga goti, akaniona mimi. Hakuuliza kuna nini. Aliweka sinia juu ya kitambaa kipya cha kijani, kitambaa ambacho nilikuwa nimekivuta na kukipigilia siku nzima, akakunja mikono yake ndani ya kanga. Mtu asiyejua huuliza. Yeye alianza kulia kabla hata sijafungua mdomo.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huwa tunausema msemo huo kirahisi, juu ya wanasiasa na majirani. Mimi siku ile nilikuwa nimevaa fulana ambayo shemeji alininunulia.

Niliwauliza kuhusu siku ya mahari yangu. Ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Nilipotaka kuoa, kabla hatujaja huku, wakwe waliuliza nani atanisemea. Baba alikuwa ameokoka miaka mingi, hajagusa pombe, lakini mimi nilisema hapana, mezani kutakuwa na pombe ya muratina na ataniaibisha. Nikamwomba shemeji akae kwenye kiti cha baba yangu. Akakaa. Akapokea pembe ya kwanza ya muratina iliyokuwa haki ya baba yangu, akasema maneno yaliyokuwa ya baba yangu, na wazee wakamsifu kwa hekima. Marehemu mama aliniambia baadaye kwamba siku hiyo Baba alivaa koti tangu alfajiri, akashinda nalo uani mpaka tuliporudi.

"Ulikaaje kwenye kile kiti?" nikamwuliza shemeji.

Akasema nilimwomba mwenyewe. Na ni kweli, nilimwomba. Huo ndio uliokuwa ubaya wake.

Nilimpa sharti moja. Atamwambia Mzee yeye mwenyewe, mbele yangu, mbele ya meza. Akaapa. Njiani kurudi Falls Church, katikati ya foleni, nilijaribu kumkumbuka Baba akiwa amelewa kabla ya kufukuzwa. Nilipekua kichwa changu chote. Nilimkumbuka akipiga pasi shati jeupe la kazi, akinifundisha kuandika tarakimu kwa chaki. Kuimba njiani, kiatu kimoja, mlangoni kwa nyanya, vyote vilitokea baada ya mkokoteni. Pombe ilikuja baadaye, nami nikaifanya kuwa sababu. Nilitoka kwenye barabara kuu kabla ya kufika kwangu, nikasimama kwenye maegesho ya duka la mazulia, nikalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Meza niliimaliza. Nilibadilisha springi, nikatoa kitambaa chenye doa la chai, nikatia kingine. Shemeji hakuja tena gerejini nikiwapo. Marafiki wa kanisani waliotusaidia kuiteremsha chini walisifu kazi na kusema tuna bahati kuwa na umoja kama ule, nami nikaitikia amina.

Baba alifika amekonda, mdogo kuliko nilivyomwacha. Siku ya tatu, Jumamosi mchana, tulimteremsha chini. Alivaa sweta kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, akasimama mbele ya meza, mshipi wake ukigusana na ukingo pale hasa. Aliomba brashi. Dada akamletea ya nguo, naye akaanza kupiga kitambaa kwa mikono yake ya zamani, mstari baada ya mstari, sisi wote watatu tukiwa tumesimama nyuma yake. Kisha akachukua fimbo na kucheza. Mpira wa kwanza ulipita kando. Wa pili ukatumbukia, akasikiliza unavyorudi.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anamimina soda. Alimmiminia Mzee, akammiminia dada, akanimiminia mimi, akauliza kama kuna anayetaka barafu. Mzee akapiga mpira wa tatu, na wa nne. Shemeji akaanza kusifu jinsi Mzee alivyo na mkono mzuri. Hapo nikaona kwamba hatasema leo, wala kesho, na wiki sita zitakwisha nyama ya ulimi ikigawanywa mle ndani.

"Baba," nikasema, "aliyevunja ile mashine ni huyu."

Dada akaita jina langu kwa sauti ndogo. Shemeji akaweka chupa chini. Baba hakugeuka, aliinama akapanga mpira wake.

"Najua," akasema.

Nilimwuliza tangu lini. Tangu juma lilelile, akanijibu. Dada yangu alimwendea jikoni, akapiga magoti, akamweleza yote. Baba akapima. Kijana akifukuzwa, binti yake atazalia wapi, na mjukuu ataitwa wa nani? Yeye Baba alikuwa na mama yake wa kumrudia na mikono ya kulima. Akaenda kwa meneja asubuhi, akaweka ufunguo mezani, hakujitetea. Alidhani itakuwa aibu ya msimu mmoja. Haikumpitia akilini kwamba itamshinda mpaka aingie kwenye pombe. Alieleza haya yote kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia mvua ya mwaka fulani, na dada alikuwa ameuficha uso wake kwenye ukuta.

Kwa hiyo walikuwa watatu. Sio shemeji peke yake. Watu watatu ninaowapenda walikaa na jambo hilo miaka thelathini, wakaniacha nje kama mgeni, nikimdharau baba yangu kwa niaba yao. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Na mimi je? Mimi kwa nini hukuniambia?"

Ndipo Baba akageuka. Aliiegemeza fimbo kwenye meza taratibu, akainyoosha isianguke.

"Ulikuwa mtoto, na mtoto habebeshwi siri," akasema. "Nikasema, akikua atakuja aniulize. Aseme tu, Baba, ni wewe uliyefanya? Nami ningekujibu. Ukakua. Ukaoa. Ukapanda ndege. Kila ulipokuja nyumbani nilikaa karibu na wewe, nikangoja. Hukuniuliza."

Nilimgeukia shemeji, nikamgeukia dada, nikitafuta mtu wa kumrushia maneno yale. Hasira yangu yote ilikuwa bado ipo, na ilikuwa ya haki, na mpaka leo sijaimaliza. Lakini wote wawili walikuwa wananitazama, na Baba pia alikuwa ananitazama, kwa subira, kama mtu ambaye hata sasa hajaulizwa.